Bodaboda wa Mwabungo na Mahali Pasipotakiwa Kulowa

Ni Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri. Chirau Mwinga, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha mbele kama mtoto anayevishwa sare ya chekechea. Nyuma yake mkewe, Ummi, anapandisha zipu ya koti la mvua kutoka kiunoni hadi kisogoni.

Koti limevaliwa kinyume, mgongo umekuja mbele. Si usingizi, wala si haraka. Kuanzia Ukunda hadi Lungalunga, bodaboda yeyote aliyewahi kupigwa na masika mawili huvaa hivyo.

"Zipu ikikaa mbele, upepo unaisukuma mvua ipite katikati ya meno yake," anaeleza Chirau. "Mbele panataka ukuta. Mlango unakaa nyuma."

"Na mlango wenyewe hawezi kuufunga peke yake," anadakia Ummi. "Mie nisipokuwapo, haendi kazini. Nimekuwa bawabu."

Chirau hacheki. Leo ni siku ya kumi na saba mvua inanyesha Mwabungo bila kupumzika, mvua ambayo majirani wanaapa kwamba imewafundisha kuku kuogelea na bata kuchoka. Tangu ianze, hajalala usingizi wa kumaliza. Kila inapogonga bati, yeye hufumbua macho akakumbuka ni siku gani. Ikiwa kesho yake ni Jumanne au Ijumaa, hawezi kuyafumba tena.

Jumanne na Ijumaa ni siku za Nereah.

Nereah Oduma, miaka arubaini na minne, ni jirani wa nyumba ya nne. Alikuja Pwani kutoka Homa Bay miaka kumi na tisa iliyopita, akatandika vitanda vya hoteli moja ya Diani hadi mwaka juzi, figo zake zilipokataa kazi. Sasa ana mrija mwembamba unaotokeza kifuani, chini kidogo ya mtulinga wa kulia. Mara mbili kwa wiki mrija huo huunganishwa na mashine ya kusafisha damu hospitalini Msambweni, kwa muda wa saa nne.

Pale mrija unapotokeza pamefunikwa plasta ya ukubwa wa kiganja. Maji yakifika chini ya plasta, vijidudu huingia pamoja nayo, na kutoka hapo hadi moyoni si mbali.

"Nilowe miguu, nilowe nywele, nilowe mpaka hiyo nguo ya ndani, sijali," anasema Nereah. "Lakini hapa, hapana."

Basi kazi ya Chirau ndiyo hiyo. Kukifikisha kiganja kimoja cha kifua kikiwa kikavu, mwendo wa kama kilomita ishirini, katikati ya masika.

Wengi humuuliza kwa nini mgonjwa asipande gari. Gari la kukodi kwa siku moja linameza zaidi ya anachopata Nereah kwa wiki nzima kwa kuuza sabuni za maji pale mlangoni pake. Matatu ziko, lakini ziko barabara kuu, na kutoka kwake hadi lami ni kilomita mbili za tope linalovua watu viatu. Wakati wa kurudi mambo huwa mabaya zaidi. Akitoka kwenye mashine, miguu humlegea na kichwa humzunguka, hawezi kusimama kando ya barabara akingoja gari lijae.

"Mimi nikitoka pale ni kama nguo iliyokamuliwa," anasema. "Nataka mtu anichukue mlangoni, anishushe mlangoni, na asiniongeleshe."

"Hilo la mwisho ndilo linalonishinda," anasema Chirau.

Saa kumi na mbili kasoro robo, pikipiki inasimama kwa Nereah. Yeye yuko barazani, tayari, mkoba wa faili la hospitali umefungwa ndani ya gunia la unga.

"Shikamoo, Baba Husna," Nereah anamwamkia Chirau.

"Marahaba, Mama Quincy. Umelala?"

"Nimelala. Wewe macho yanasema hukulala."

"Macho yangu yana maneno mengi. Simama tukuvishe."

Kumvisha Nereah huchukua dakika ishirini, na hakuna hatua inayorukwa. Kwanza, juu ya plasta, kipande cha nailoni safi kilichobandikwa pande zote nne; hicho alifundishwa na muuguzi na anakiweka mwenyewe, chumbani. Kisha blauzi yenye shingo pana. Kisha koti la mvua, la kwake zipu mbele, maana mbele yake kuna mgongo wa Chirau na huo ndio ukuta wake. Mwisho ni kola ya mpira ambayo Chirau aliikata kutoka tyubu ya lori na kuishona kwa uzi wa kuvulia samaki. Kola hiyo humwaga nje maji yanayoteremka kutoka kwenye helmeti.

"Watu wanadhani mvua inatoka juu," anasema Chirau, akipitisha kidole kuzunguka shingo ya koti la Nereah. "Ukiwa juu ya pikipiki, mvua inatoka mbele. Inatoka chini, kwenye gurudumu. Inatoka kwenye sponji ya kiti, ambayo imekunywa maji usiku kucha, ukiikalia inakutapikia. Ile inayotoka juu ndiyo ya mwisho, na ndiyo yenye adabu."

Ndiyo maana kiti chake kimevikwa turubai. Ndiyo maana mguu wa suruali yake ya mvua uko nje ya gambuti, si ndani, kwa kuwa gambuti lililomeza suruali hujaa kama ndoo. Na ndani ya gambuti, kila mguu umeingizwa kwenye mfuko wa nailoni wa mkate. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki ya dukani, mfuko wa mkate ndio umebaki kuwa soksi ya maskini.

"Nyumba yangu inakula mkate kama hoteli ya watalii," Ummi hulalamika. "Si kwa njaa. Ni kwa ajili ya miguu ya Baba Husna. Chapati tumezisahau."

Elimu hii yote haikuja bure. Iliyokuja kwa bei kubwa zaidi ni ya mwezi wa Aprili, na anapoifikia, Chirau huongea akiangalia gurudumu.

Ilikuwa Jumanne ya baridi. Nereah alipita kwa Ummi kuaga, na Ummi akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa huku angelifanya. Mgonjwa hatoki nyumbani alfajiri shingo wazi. Alichukua leso yake mpya, akamzungushia Nereah shingoni, akaichomeka ndani ya koti hadi kifuani, akampigapiga begani na kumwambia aende salama.

Ncha moja ya leso ilibaki nje ya kola. Ilikuwa ndogo, haizidi urefu wa kidole gumba.

Mvua iliwakuta kwenye barabara kuu. Ile ncha ilikunywa maji, na pamba haijui kukaa na maji peke yake. Iliyavuta kuingia ndani, taratibu, jinsi utambi unavyovuta mafuta. Walipofika Msambweni, koti la Nereah lilikuwa kavu ndani kila mahali isipokuwa kifuani, ambako leso ilikuwa imelala ikiwa rojorojo juu ya plasta, ambayo siku hizo ilikuwa haijaanza kubandikwa nailoni.

Plasta ilibadilishwa palepale. Haikusaidia. Alhamisi yake Nereah alianza kutetemeka hata kitanda kikawa kinatembea. Alilazwa siku kumi na moja, mrija ukatolewa, mwingine ukawekwa.

"Sista Eddah wa pale kwenye mashine aliniuliza, nani alimfunga hii leso?" anakumbuka Chirau. "Nikamwambia ni mie."

Ummi anaijua habari hiyo. "Alijitwika yeye. Lakini mkono ulikuwa wangu. Nilimfunga kwa mapenzi, nusura nimuue." Baada ya kusema hivyo aliinuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Nereah hana kinyongo. Anasema miaka yote aliyokaa Pwani amefunikwa leso na wanawake wa huku alipojifungua, alipofiwa na alipoumwa, na hawezi kumlaumu mtu kwa leso moja. Lakini madaktari walimweleza wazi: mwili wake hautavumilia homa nyingine ya namna ile.

Kuna mlango mmoja wa kutokea. Mwezi Machi, daktari alimuunganisha mishipa miwili ya mkono wa kushoto. Mshipa uliounganishwa ukishanenepa vya kutosha, sindano za mashine zitakuwa zinachomwa hapo, na mrija wa kifuani utatolewa. Ametajiwa katikati ya Julai, mambo yakienda sawa. Hadi leo alfajiri zimebaki safari kumi na tatu.

Saa kumi na mbili na robo wanafika steji ya Mwabungo, pale njia ya tope inapokutana na lami. Wenzake Chirau wamejibanza chini ya bati la kibanda cha mihogo, na Abdulrahim, mwenyekiti wa steji, anaongoza mazungumzo kama kawaida.

"Mwinga, nakuambia kila siku, weka mwavuli mkubwa juu ya pikipiki, umalize shida," anasema.

"Kama wa Swabir?"

Swabir ni bodaboda wa Galu. Kwa mujibu wa Abdulrahim, alifunga mwavuli wa biashara kwenye pikipiki yake, upepo ukamnyanyua yeye, chombo na abiria wawili, ukawashusha kisiwani Chale mbele ya hoteli. "Mlinzi akamwuliza kama ana nafasi aliyoweka. Swabir hakuzima injini. Alisema anangojea upepo wa kurudi."

"Na abiria?" anauliza Nereah kutoka nyuma.

"Mmoja aliajiriwa hukohuko jikoni. Mwingine alikataa kulipa, akasema hakuwa anaenda Chale."

Nereah anacheka, mkono mmoja ameubana kifuani ili kicheko kisitingishe kitu. Chirau anatia gia. Siku ya jua hurudi nyumbani na shilingi mia nane baada ya petroli. Wiki hii hakuna siku aliyofikisha mia tatu, kwa kuwa mvua ikinyesha watu hubaki majumbani mwao. Kwa Nereah hutoza petroli tu.

Kinondo wanaipita kwa manyunyu. Mbingu ya upande wa kusini, hata hivyo, imekuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa, na wanapokaribia njia panda ya Gazi, mvua yenyewe inawapokea. Wakongwe wa barabara hii wanasema mvua ya Gazi hainyeshi. Inamwagwa, na aliyelishika beseni hana haraka.

Kanuni ya Chirau kwa mvua ya aina hiyo ni moja: kusimama. Anaingiza pikipiki kwenye baraza ya duka lililofungwa. Saa kumi na mbili na dakika hamsini.

Wanangoja. Maji yanapita barabarani yakiwa na maganda ya nazi na kandambili moja ya mguu wa kulia. Saa moja na robo. Saa moja na dakika ishirini. Mashine ya Nereah inaanza saa mbili. Akichelewa haimngoji, kwa kuwa kuna mgonjwa mwingine baada yake. Muda aliochelewa hukatwa, na damu hubaki na uchafu wake hadi Jumanne. Tayari miguu yake imevimba. Ameingia kwenye magambuti ya leo kwa kusukumwa.

"Baba Husna, twende."

"Hapana."

"Twende tu. Niko na koti."

"Koti moja kwa hii? Hii itapita."

"Ulisema hivyo nusu saa imepita."

Chirau anatoka hadi ukingo wa baraza, anaangalia juu, anarudi. Anamwangalia Nereah kuanzia kola hadi kiunoni, jinsi fundi anavyoangalia paa linalovuja asijue tundu liko wapi. Kisha anamgeuzia mgongo.

"Nifungue," anasema.

"Nini?"

"Zipu. Teremsha."

Nereah anaelewa, na hataki. "Wewe utavaa nini?"

"Nitavaa shati. Nina shati, hulioni?"

"Utagonjeka."

"Mie nikigonjeka nitapewa panadol na kuambiwa niende nyumbani. Wewe ukigonjeka sijui nitamwambia nini Eddah. Teremsha, saa inakwenda."

Anateremsha. Chirau anavua koti lake na kumvisha Nereah juu ya la kwake, kinyume vilevile, mgongo mbele, ili zipu ya koti la ndani ifunikwe na ukuta wa koti la nje. Anafunga nyuma. Anakagua shingo kwa kidole, akizunguka mara mbili, akitafuta uzi, ncha, kitambaa chochote kinachochungulia. Hakuna.

"Nimekuwa kama kabichi," anasema Nereah.

"Kabichi haisemi. Panda."

Kilomita kumi zilizobaki wanazikata kwa mwendo wa baiskeli. Shati la Chirau linaganda mwilini kabla hawajamaliza mita mia. Mvua inampiga kifuani kama changarawe, inateremka tumboni, inaingia kwenye suruali kwa juu na kushuka moja kwa moja hadi kwenye mifuko ya mkate, ambayo ilitengenezwa isiruhusu maji kupita na sasa hairuhusu yatoke. Kila anapokanyaga breki, gambuti linatoa sauti ya mtu anayesukutua mdomo.

Nyuma yake Nereah ameinamisha kichwa, helmeti imegusa mgongo uliolowa. Lori moja linawapita na kuwamwagia dimbwi zima ubavuni, na Chirau, badala ya kulikwepa, anainua kiwiko chake cha kulia na kukitanua kama bawa.

Wanaingia lango la hospitali saa mbili na dakika tatu.

Eddah, muuguzi wa chumba cha mashine, anamtazama Chirau mlangoni, anatazama dimbwi linalomzunguka, na kumzuia kwa mkono. "Wewe baki hapohapo. Nimepiga deki sasa hivi."

Pazia linavutwa. Chirau anasimama kwenye ukumbi, meno yanagongana. Anasikia zipu ya kwanza ikifunguliwa. Anasikia ya pili. Kisha hasikii kitu. Mgonjwa mmoja mzee anamsogezea nafasi kwenye benchi, lakini yeye haketi.

Sauti ya Eddah inatoka nyuma ya pazia. "Kavu."

"Pande zote?" anauliza Chirau.

"Nimesema kavu. Hata nailoni ya juu ni kavu. Nenda ukajikamue."

Hapo ndipo anapoketi. Anainamisha kichwa katikati ya magoti, na kwa muda wa dakika kadhaa mtu angedhani anasali. Alikuwa amelala.

Siku nyingine, wakati Nereah yuko kwenye mashine, Chirau hutafuta abiria mjini Msambweni. Leo hakuna anayetaka kukaa nyuma ya mtu anayetetemeka. Alikunywa chai tatu kwenye kibanda cha karibu na hospitali, akasali Ijumaa kwenye safu ya mwisho, hatua mbili kutoka kwa wenziwe asije akawalowesha, akarudi kungoja.

Akiwa anangoja, aliulizwa kama hachoki.

"Nimechoka tangu Aprili," alisema. "Hii si kazi ya mikono. Mikono ingeshapumzika. Ni kazi ya kuwaza shingo ya koti la mtu mwingine siku saba kwa wiki. Wakati mwingine namwambia Ummi, mie nitakwenda kwa Nereah nimwambie atafute kijana mwenye nguvu. Kisha nakumbuka kijana atamvisha kwa dakika mbili."

Saa saba na nusu Nereah anatoka, uso umepauka, ameshika ukuta. Amepunguzwa maji kilo tatu na magambuti sasa yanamcheza miguuni. Mvua imerudi kuwa manyunyu. Chirau anaanza upya: koti, kola, kidole kuzunguka shingo. Yeye mwenyewe ameshavishwa koti lake na Nereah, ambaye mikono yake haina nguvu, kwa hiyo zipu imesimama katikati ya mgongo na hakuna aliyejaribu kuipandisha zaidi.

"Zimebaki kumi na mbili," anasema Nereah.

"Kumi na mbili," anaitikia Chirau.

Nereah anakunja mkono wake wa kushoto, anauweka sikioni. Mshipa uliounganishwa unanguruma ndani kwa ndani, na hiyo ni dalili njema kama alivyoambiwa na Eddah. Anamnyooshea Chirau naye asikilize. Chirau anainama, anasikiliza, anatikisa kichwa taratibu kama fundi aliyeridhika na injini.

Nereah ana mpango wake wa siku mrija utakapotolewa na kidonda kikafunga. Hauhusu karamu wala safari ya Homa Bay. Anataka mvua kubwa, ya mchana, apande pikipiki bila koti wala kola, apigwe nayo kifuani kuanzia Msambweni hadi mlangoni kwake.

"Na utanipeleka wewe, Baba Husna."

Chirau anapiga kiki. Pikipiki inakohoa, inakubali.

"Siku hiyo tafuta bodaboda mwingine," anamwambia. "Ikinyesha, mie nitakuwa nimelala."